Mpira wa Breki katika Gari Dogo: Historia ya Ukaguzi na Ubadilishaji wa Sehemu Inayozeeka kwa Ndani

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya mpira wa breki, yaani bomba fupi linalopindika ambalo hupitisha mafuta ya breki kati ya bodi ya gari na gurudumu, na ambalo mafundi wengi wa Afrika Mashariki huliita hosipaipu. Gari dogo la Uingereza, hususani Morris Minor, limetumika kama mfano mkuu. Hoja inayojengwa ni kwamba mpira huo uliingiza katika mfumo wa chuma sehemu ambayo huzeeka pasipo kuonekana, na kwamba jamii zilizotumia gari dogo zilikabiliana na tatizo hilo kwa njia tatu: jicho la fundi, muhuri wa sheria na kalenda. Insha inahitimisha kwamba kila njia ilizaliwa kutokana na upungufu wa nyingine, na kwamba hakuna iliyojitosheleza.

1.0 Utangulizi

Historia ya breki za gari kwa kawaida huandikwa kama mfuatano wa uvumbuzi: breki za fimbo na waya zilifuatwa na breki za mafuta, drami zikafuatwa na diski, kisha zikaja breki zinazodhibitiwa kwa vifaa vya kielektroniki. Mkabala huo unaeleza vizuri jinsi kifaa kilivyozaliwa, lakini hauelezi jinsi kilivyodumu mikononi mwa watu. Gari lililouzwa likiwa jipya huendelea kutumika kwa miaka kumi, ishirini au zaidi, na katika kipindi hicho usalama wake hautegemei tena mhandisi aliyelibuni bali mtu anayelala chini yake na kurunzi mkononi.

Mpira wa breki ni mahali pazuri pa kuitazama historia hiyo ya pili. Ni kifaa cha bei ndogo, hakina jina la mvumbuzi anayekumbukwa, na dereva wengi hawajawahi kukiona. Hata hivyo, kikipasuka katika gari lenye mfumo mmoja wa mafuta, breki za magurudumu yote hupotea kwa mkupuo mmoja. Swali linaloongoza insha hii ni hili: kifaa ambacho uzima wake hauthibitiki kwa macho kilifanywaje kuwa jambo la kuaminika?

2.0 Kutoka Fimbo na Waya hadi Mafuta

Msingi wa breki za mafuta ulijulikana tangu karne ya 17, pale Blaise Pascal alipoeleza kwamba shinikizo linalotiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Katika gari, kanuni hiyo ilitatua tatizo la miaka mingi. Breki za fimbo na waya zilihitaji kurekebishwa mara kwa mara ili magurudumu yote yashike kwa nguvu inayolingana. Waya mmoja ukilegea, gari huvutwa upande mmoja. Kwa kuwa mafuta husukuma kila gurudumu kwa shinikizo lilelile, usawa huo hupatikana pasipo fundi kuutafuta.

Nchini Marekani, Malcolm Loughead alipewa hataza ya mfumo wa breki za mafuta mwaka 1917. Jina la familia yake baadaye liliandikwa Lockheed, na kwa tahajia hiyo likajulikana katika ndege na katika breki. Mwaka 1921 gari la Duesenberg Model A lilianza kuuzwa likiwa na breki za mafuta katika magurudumu yote manne. Lilikuwa gari la matajiri. Mwaka 1924 Walter Chrysler alitoa gari la bei ya kati lenye mfumo kama huo, baada ya wahandisi wake kuuboresha, hasa kwa kuweka vizibo vya mpira mahali pa vile vya ngozi vilivyokuwa vikivuja. Nchini Uingereza, kampuni ya Automotive Products ya Leamington Spa ilitengeneza breki za Lockheed kwa leseni.

Si wote walioshawishika. Kampuni ya Ford iliendelea na breki za fimbo na waya hadi magari yake ya mwaka 1939, na katika matangazo yake ya miaka ya 1930 ilijivunia kwamba kutoka kwenye pedali hadi kwenye gurudumu palikuwa na chuma kitupu. Ni rahisi leo kuuona msimamo huo kama ukaidi, lakini ulikuwa na mantiki yake. Chuma huonekana kinapochakaa, na fimbo ya gurudumu moja ikikatika, magurudumu mengine huweza kubaki na breki. Mafuta yaliyofungiwa katika mfumo mmoja hayana huruma hiyo: yakipata tundu moja, yote hutoka humo.

Na mahali pa kutarajia tundu palijulikana. Mabomba ya chuma yangeweza kufungwa kwenye bodi na kutulia. Gurudumu, kwa upande wake, hupanda na kushuka pamoja na springi, na magurudumu ya mbele hugeuka kulia na kushoto kwa kufuata usukani. Bomba la chuma likilazimishwa kupindika namna hiyo siku zote hukatika. Ilibidi kiungo cha mwisho kiwe laini. Kwa hiyo, swali ambalo matangazo ya Ford yalilidokeza lilikuwa halali: je, watu wazikabidhi roho zao kwa kipande cha mpira?

3.0 Mipira Mitatu ya Morris Minor

Jibu la soko la gari dogo lilikuwa ndiyo. Morris Minor, iliyobuniwa chini ya uongozi wa Alec Issigonis, ilionyeshwa kwa umma katika maonyesho ya Earls Court, London, mwezi Oktoba 1948. Tangu mwanzo ilikuwa na breki za drami za Lockheed zinazoendeshwa kwa mafuta katika magurudumu manne. Ikaja kuwa gari la kwanza la Uingereza kutengenezwa kwa idadi iliyofika milioni moja.

Mpangilio wa breki zake ni mfano mzuri wa kile ambacho insha hii inakichunguza. Masta silinda ilifichwa chini ya sakafu, upande wa dereva. Kutoka hapo mabomba ya chuma yalikwenda mbele na nyuma, na mahali patatu mfumo ulikuwa na mpira: mmoja kwa kila gurudumu la mbele, na mmoja wa nyuma uliounganisha bodi na ekseli, ambayo ilipanda na kushuka kama kipande kimoja. Mfumo wenyewe ulikuwa mmoja, bila mgawanyo. Mpira wowote kati ya hiyo mitatu ukipasuka, pedali ilizama hadi sakafuni, na dereva alibaki na breki ya mkono, ambayo ilitumia waya na kushika magurudumu ya nyuma tu. Waya wa zamani, uliodharauliwa kwa kukosa usawa, ndio uliobaki kuwa mlinzi wa mwisho.

Volkswagen ya Ujerumani ilichukua njia ya tahadhari zaidi. Magari yake madogo ya kuuzwa nje yalipata breki za mafuta mwaka 1950, lakini toleo la msingi, lililouzwa kwa bei ya chini, liliendelea na breki za waya hadi mwaka 1962. Kwa miaka kumi na miwili, basi, kiwanda kimoja kiliuza magari yanayofanana kwa sura, moja likitegemea waya na jingine mafuta. Lililotumia mafuta lilikuwa na mipira minne, kwa sababu kila gurudumu la nyuma lilitembea peke yake.

Umuhimu wa gari dogo katika historia hii hautokani na ufundi wake pekee bali pia na aliyelimiliki. Gari la kifahari la miaka ya 1920 mara nyingi lilikuwa na dereva wa kuajiriwa ambaye kazi yake ilijumuisha kulitunza. Gari dogo lilimilikiwa na mtu aliyeliendesha mwenyewe, akalipeleka gereji alipokuwa na fedha, na akalifungua mwenyewe alipokosa. Tena halikuisha maisha yake kwa mmiliki wa kwanza. Liliuzwa kwa wa pili, wa tatu na wa nne, kila mmoja akiwa kwa kawaida na kipato kidogo kuliko aliyemtangulia. Mpira uliofungwa kiwandani kwa mteja wa kwanza ulifikia uzee wake mikononi mwa yule aliyekuwa na uwezo mdogo zaidi wa kuubadilisha.

4.0 Ndoa ya Mpira na Mafuta

Ili kuelewa kwa nini ukaguzi ulikuwa mgumu, sharti kwanza kueleweka kilichomo ndani ya mpira wenyewe. Mpira wa breki una tabaka tatu. La ndani hugusana na mafuta. La kati ni nyuzi zilizosukwa, zamani za pamba na baadaye za kutengenezwa viwandani, ambazo huuzuia mpira usitanuke. La nje hukinga dhidi ya jua, maji, mawe na hewa. Nguvu iko katika tabaka la kati, ambalo halionekani kutoka upande wowote.

Tabaka la ndani ndilo lililoamua aina ya mafuta. Mpira wa asili huvimba na kulainika ukiguswa na mafuta yatokanayo na petroli. Kwa sababu hiyo, mafuta ya breki ya miongo ya mwanzo yalichanganywa kutokana na mafuta ya mbarika na alkoholi, ambayo hayakuudhuru mpira. Baadaye mchanganyiko huo uliachia nafasi mafuta yenye asili ya glikoli, yanayostahimili joto zaidi, huku mpira wa asili nao ukipisha aina za mpira wa viwandani, hasa ile ijulikanayo kwa kifupi kama EPDM. Hata mpira huo mpya hauvumilii mafuta ya petroli. Kampuni ya Citroën, ilipoanza kutumia mafuta ya madini ya rangi ya kijani katika magari yake katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, ililazimika kutumia mipira na vizibo vya aina nyingine kabisa. Mafuta na mpira hubuniwa pamoja. Kubadilisha kimoja bila kingine ni kuharibu vyote viwili. Kikombe kimoja cha mafuta ya injini kikitiwa kwa makosa kwenye kopo la breki hutosha kuvimbisha vizibo na mipira ya gari zima.

Mafuta ya glikoli yana tabia nyingine: hunyonya unyevu wa hewani. Sehemu ya unyevu huo hupenya taratibu kupitia kuta za mpira. Kwa viwango vya Marekani, mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Pedali hukosa nguvu pasipo chochote kuvuja. Mpira wa breki, basi, huweza kuudhoofisha mfumo hata kama wenyewe haujapasuka.

Kutokana na maumbile hayo, mpira huzeeka kwa namna tatu. Ya kwanza ni nyufa za nje, zinazoonekana mpira unapokunjwa. Ya pili ni uvimbe: nyuzi za kati zikikatika au kuachia, mpira hutuna kama kibofu pedali inapokanyagwa na hurudi hali yake pedali inapoachiwa. Ya tatu ndiyo iliyowasumbua mafundi zaidi. Tabaka la ndani huvimba au kubanduka na kuziba njia. Mguu wa dereva una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, lakini mafuta hayana nguvu ya kurudi yenyewe. Breki hubaki imeshika, gurudumu hupata moto, na gari huvutia upande mmoja. Kwa nje mpira huo huweza kuonekana mzima kabisa, na si ajabu fundi akabadilisha viatu vya breki, silinda na springi kabla ya kuushuku.

5.0 Muhuri wa Sheria

Njia ya kwanza ya kuikabili hatari hii ilikuwa jicho na mkono wa fundi: kuutazama mpira, kuukunja kidogo, kuushika mtu mwingine akiwa amekanyaga pedali. Njia hiyo ilimtegemea mtu aliyependa kukagua. Dola iliingia pale ilipodhihirika kwamba si wote walipenda.

Nchini Uingereza, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1956 iliipa serikali mamlaka ya kuanzisha ukaguzi wa magari yanayotumika. Ukaguzi wenyewe ulianza mwaka 1960, Ernest Marples akiwa Waziri wa Uchukuzi, na ulihusu mambo matatu: breki, taa na usukani. Ulianzia kwa magari yenye umri wa miaka kumi au zaidi. Umri huo ulipunguzwa hadi miaka saba muda mfupi baadaye, na hadi miaka mitatu mwaka 1967. Mwelekeo wa takwimu hizi una maana. Sheria ilianzia kwa gari zee, likiwa mikononi mwa mmiliki wa mwisho, kisha ikarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kwa mmiliki wa kwanza. Uzee wa gari uliacha kuwa siri ya mwenye gari na fundi wake.

Marekani ilianzia upande wa pili, yaani kiwandani. Sheria ya Usalama wa Magari iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwezi Septemba 1966 ilizaa viwango vya shirikisho vilivyoanza kutumika mwaka 1968. Viwili kati ya hivyo vinahusu mada hii moja kwa moja. Kiwango namba 105 kilihitaji mfumo wa breki ugawanywe, ili tundu moja lisimalize breki zote. Kiwango namba 106 kilihusu mipira ya breki yenyewe. Katika maandishi yake ya baadaye, kiwango hicho kinataka mpira ustahimili shinikizo la paundi 4,000 kwa kila inchi ya mraba kwa dakika mbili bila kupasuka, na uzungushwe kwenye mashine ya kuupindapinda kwa saa 35 mfululizo. Aidha, kinataka mpira uwe na angalau mistari miwili iliyonyooka, mmoja kila upande, pamoja na alama za mtengenezaji na tarehe ya kutengenezwa.

Mistari hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko ilivyo kawaida. Mpira uliosokoteka wakati wa kufungwa hudhoofika mapema, lakini msokoto katika kitu cheusi cha mviringo hauonekani. Mstari ulionyooka ukigeuka kuwa mzunguko, kosa hujitangaza. Vivyo hivyo tarehe: haisemi kama mpira ni mzima, ila humwezesha mkaguzi kujua umeishi miaka mingapi. Sheria haikuweza kuyafanya ya ndani yaonekane. Iliweza tu kuandika nje ya mpira yale yanayosaidia kuyakisia.

Hapa ndipo mipaka ya muhuri inapoonekana. Ukaguzi wa Uingereza hufanywa bila kufungua sehemu za gari. Mkaguzi hutazama kinachoonekana siku hiyo, na cheti chake kinathibitisha siku hiyo tu. Mpira ulioziba kwa ndani huweza kumpita mkaguzi mwaminifu ikiwa siku hiyo bado unaachia.

6.0 Kalenda na Mkono wa Fundi

Upungufu wa jicho na wa muhuri ulizaa njia ya tatu. Vitabu vya maelekezo vya magari madogo ya Uingereza vya miaka ya 1960 na 1970 vilipendekeza matengenezo ya kinga: mafuta ya breki yabadilishwe kwa vipindi maalumu, na vizibo pamoja na mipira ishughulikiwe kila baada ya miaka kadhaa, hata kama hakuna dalili ya ubovu. Hili lilikuwa badiliko la kifikra. Mmiliki aliambiwa atupe kitu kinachoonekana kizima kwa sababu tu muda wake umefika. Kwa mwenye fedha ni busara. Kwa mmiliki wa nne ni gharama isiyo na ushahidi. Mvutano huo haujawahi kuisha.

Utaratibu wa kubadilisha mpira, kama unavyofundishwa katika vitabu vya gereji, nao ni hati ya kihistoria, kwa kuwa kila agizo lina kumbukumbu ya ajali au kosa. Gari huinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi, kwa sababu jeki huteleza. Nati ya bomba la chuma hulegezwa kwanza, kwa spana inayoikumbatia, huku mpira ukishikiliwa usizunguke. Bomba lililoshika kutu likizungushwa hukatika, na kazi ya nusu saa huwa ya siku nzima. Washa za shaba nyekundu hubadilishwa kwa sababu zimekwisha kubonyea kwa umbo la kiungo cha zamani. Mpira mpya hufungwa bila msokoto, kisha usukani hugeuzwa hadi mwisho kila upande, gurudumu likining'inia na likiwa limebeba uzito, ili kuthibitisha kwamba mpira hauvutwi wala haugusi tairi. Hewa hutolewa katika mfumo mpaka pedali iwe ngumu. Mwishoni pedali hukanyagwa kwa nguvu na kushikiliwa huku mtu mwingine akikagua viungo. Gari halitoki gereji kabla ya hapo.

Vitabu hivyohivyo vinakataza mambo mawili ambayo yanafafanua hoja ya insha hii vizuri kuliko mengine. Kwanza, kalipa au silinda iliyofunguliwa isiachwe ikining'inia kwenye mpira wake. Pili, mpira usibanwe kwa koleo ili kuzuia mafuta yasimwagike. Katika hali zote mbili mpira huonekana mzima baada ya kazi, kumbe nyuzi au tabaka la ndani limekwisha kujeruhiwa. Fundi anayefanya hivyo hutengeneza ubovu wa miaka ijayo kwa mkono uleule unaotengeneza wa leo.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba breki za mafuta hazikushinda kwa ubora wa kanuni ya Pascal pekee. Zilishinda kwa sababu kazi kubwa isiyo na sifa iliwekwa pembeni ya mpira: ya kuutazama, kuuwekea alama, kuuhesabia miaka na kuubadilisha. Mgawanyo wa mfumo katika sehemu mbili ulipunguza ukali wa ajali, lakini haukuondoa haja ya kazi hiyo.

Matokeo haya yanagusa pia nchi zinazopokea magari yaliyokwisha kutumika kwingine. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Huo ni utawala wa kalenda uliowekwa mpakani. Unahesabu umri wa gari; hauhesabu umri wa mpira, ambao katika gari la miaka saba huenda ni ule uliofungwa kiwandani. Mmiliki wa kwanza Afrika Mashariki mara nyingi ni mmiliki wa pili au wa tatu wa gari lenyewe, na nafasi yake katika historia hii inafanana na ya mnunuzi wa Morris Minor kuukuu mwaka 1960.

Kwa watafiti wa historia ya teknolojia, vitabu vya gereji, alama zilizochapwa kwenye vipuri na kumbukumbu za vituo vya ukaguzi ni vyanzo vinavyostahili nafasi sawa na hataza na matangazo ya kampuni. Humo ndimo inamopatikana habari ya nani alibeba wajibu wa sehemu inayozeeka kwa ndani, na kwa gharama ya nani.